Kamba ya Farasi wa Karatasi

Juni 9
Nimefika! Mifupa yote inaniuma na nimekula vumbi la lori tangu alfajiri, lakini nimefika huku juu milimani, malishoni Suusamyr, na hema langu la shule limesimama. Wazazi wamelisimamisha wenyewe, wakatandika mazulia ya sufu, wakaweka na jiko katikati. Watoto kumi na wawili, wa miaka minne hadi sita, wote wangu mpaka mifugo ishuke bondeni Septemba. Mimi Burulcha, ambaye kule Kara-Balta nilikuwa wa kuosha vikombe vya chekechea na kupangusa makamasi, leo naitwa Mwalimu! Mzee mmoja kaniamkia hivyo mbele za watu, nikageuka kuangalia ni nani huyo aliyesimama nyuma yangu.

Nimepewa pia bahasha nene ya karatasi za kupaka rangi. Ni za kumfundisha mtoto kuujua moyo wake: nyekundu ni hasira, buluu ni huzuni, njano ni furaha, nyeusi ni jambo baya la kuangaliwa haraka. Nimeisoma mara tatu njiani. Nasubiri kukuche.

Juni 10
Mvua. Jiko linatoa moshi. Wanne walilia, mmoja alilala, mmoja alimng'ata mwenzake.

Juni 11
Aliyeng'ata ni Kunduz, miaka mitano, nywele kama kichaka, macho hayapepesi. Aliyeng'atwa ni Ilyas, mnene, mcheshi, hana neno na mtu. Kosa lake lilikuwa kukalia zulia la mwenzake tu. Meno yote yalionekana mkononi!

Mama yake Ilyas, Zuura, alikuja mbio na ndoo ya maziwa mkononi hata hakuiweka chini. "Mwalimu, hapa ni shule au zizi la mbwa?"

"Dada Zuura, tulia kwanza, ni mtoto."

"Mtoto! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na mamaye yuko wapi? Yuko Urusi anakanda mkate wa watu!"

Maneno gani hayo mbele ya mtoto! Damu ilinichemka. Lakini ni kweli, mama yake Kunduz yuko Yekaterinburg kwenye tanuri la mikate tangu majira ya baridi, na mtoto analelewa na bibi yake, Bibi Anarkan. Huyo naye alikuja akasimama mlangoni, kitambaa cheupe kichwani, mgongo wima. Alisikia yote. Akamshika mjukuu mkono, akasema tu, "Mtoto wa mchungaji halii wala hang'ati," wakaondoka.

Juni 12
Loo! Siku ya bahasha. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, ingawa nilipaswa kulia.

Niliwagawia sura za watu. Nikawaambia, huyu mwekundu anasikiaje moyoni? Ilyas akainua mkono: "Huyu mzima, Mwalimu. Ametoka kuchunga." Wote wakakubali, na kweli nikiwatazama wao wenyewe, mashavu mekundu yamepasuka kwa jua na upepo! Nikauliza, na wa buluu? "Amekufa kwa baridi." Na wa njano? "Anaumwa ini. Kama mjomba."

Basi furaha yangu yote imekuwa ugonjwa wa ini. Nimeirudisha bahasha ndani ya sanduku.

Juni 14
NIMEPATA! Lazima niandike.

Asubuhi nilikwenda kumsaidia Bibi Anarkan kukamua farasi. Vitoto vya farasi vilikuwa vimefungwa kwenye kamba ndefu iliyolazwa chini, kila kimoja na kitanzi chake, mama zao wako malishoni na watarudi wenyewe kunyonyesha. Kimoja cha kahawia kilikuwa kinaruka, kinapiga mateke, kimevuta kamba mpaka vigingi vikasogea. Mimi ningekifunga peke yake mbali. Bibi Anarkan alikifungua, akakipeleka upande wa pili, akakifunga karibu na kimoja cha kijivu kilichokuwa kimesimama kinasinzia. Mara kikaanza kutulia.

Nikamuuliza, "Bibi, ulijuaje?"

"Nilijuaje nini? Kinachosumbuka hufungwa karibu na kitulivu. Shika ndoo hiyo, unaimwaga."

Nikaimwaga kweli, maana akili yangu ilikuwa imeshakimbia. Watoto hawa hawajui nyuso zilizopakwa rangi, lakini farasi! Mtoto wa hapa hajafunga kifungo cha shati lake mwenyewe na tayari anakutajia rangi ishirini za farasi bila kukosea. Nimechora farasi mmoja, nikamnakili kwa kila mtoto. Nimefunga kamba ndani ya hema kutoka nguzo hadi nguzo. Kila asubuhi kila mtu atampaka farasi wake rangi ya moyo wake wa siku hiyo, kisha atamfunga kwenye kamba!

Juni 15
Walipigania krayoni kama mbuzi wanaogombea chumvi. Hakuna aliyeuliza maana. Waliziamua wenyewe, na kwa kelele! Kahawia ni mzima. Mwekundu wa kutu ni hasira, kwa sababu dume la baba yake Ilyas ni la rangi hiyo na lilimpiga teke daktari wa mifugo. Kijivu ni usingizi. Madoadoa ni yule anayetaka kucheka na kulia pamoja. Ilyas alipaka madoadoa, akaeleza, "Mama kanipa sukari halafu kanipiga."

Kunduz alichukua krayoni nyeusi. Akapaka. Akapaka. Hakuinua kichwa mpaka karatasi ikang'aa kwa weusi.

Juni 16
Mweusi tena.

Juni 18
Mweusi.

Juni 21
Mweusi. Karatasi ilitoboka. Ajabu ni kwamba wiki nzima hajamng'ata mtu. Nadhani ni kwa sababu nilimkazia macho.

Juni 24
Sina raha. Wengine wanabadilisha rangi kila siku, kamba imekuwa soko la farasi, na pale mwisho wanatundikwa wale weusi wa Kunduz. Nikimuuliza, "Mbona mweusi, mwanangu?" ananitazama tu. Bahasha ilisema nyeusi iangaliwe haraka. Nimemwendea Bibi Anarkan, nikamwambia taratibu kwamba mjukuu wake anabeba giza. Alikuwa anasukasuka maziwa kwenye kiriba. Hakuacha.

"Anakula?"

"Anakula."

"Analala?"

"Sijui, Bibi, analala kwako."

"Analala. Karatasi haifugi farasi, Mwalimu."

Haya. Nimeondoka.

Juni 27
Nimeficha krayoni nyeusi. Iko chini ya birika.

Juni 28
Asubuhi: Mungu wangu, nimefurahi nusura niruke! Kunduz alitafuta krayoni kwenye boksi, akageuza boksi, akatafuta chini ya zulia, kisha akamtundika farasi wake hivyo hivyo bila rangi. Mweupe! Weupe ni maziwa, ni kitambaa cha bibi harusi, ni kila kitu cha baraka kwetu. Nimempigia makofi mbele ya wote. Giza limetoka! Mwalimu Burulcha hoyee!

Mchana: Amemng'ata Ilyas begani. Damu imetoka.

Julai 1
Mweupe. Amempiga msichana mmoja na kijiti cha kuni.

Julai 3
Mweupe. Hakuzungumza kutwa. Bado najiambia ni baraka inakuja polepole.

Julai 5
Amemng'ata Ilyas tena, mkono ule ule wa kwanza. Masikini Ilyas, sasa anakaa amevaa koti hata jua likiwaka.

Wazazi walikuja wote hemani kwangu. Zuura alisema mengi, safari hii hakuna aliyemnyamazisha. Mwisho Bibi Anarkan alisimama. Nilidhani atamtetea. Akasema, "Lori litakwenda Tokmok katikati ya Agosti. Akimng'ata mtu mara moja tena, atashuka nalo, akakae kwa mke wa mjomba wake. Mimi sina nguvu ya kugombana na majirani na kukamua farasi."

Kunduz alikuwa nje ya hema. Hema ni la sufu, na sufu haizuii sauti. Mama yuko Urusi, na sasa bibi naye anataka kumpeleka. Mimi ndiye mwalimu wake, na sina ninalolijua.

Julai 6
Mawe ya barafu yameanguka, makubwa kama mayai ya ndege. Kondoo watatu wamekufa. Hakuna shule.

Julai 9
Niandike kila neno ili nisije nikajidai nililijua mwenyewe.

Leo nilimbakiza Kunduz baada ya wenzake kwenda kunywa chai. Sikumuuliza kitu. Nilichoka kuuliza. Nilikaa chini, nikachukua farasi wangu mwenyewe, nikaanza kumpaka ile rangi ya kutu, na nikampaka kwa nguvu kweli, maana nilikuwa na hasira na kila mtu, na Zuura, na bahasha, na mimi mwenyewe. Kunduz akasogea.

"Huyo amekasirika," akasema.

"Sana."

"Nani yuko juu yake?"

"Juu yake? Hakuna mtu. Ni farasi tu."

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga. "Wangu ana mtu. Ana mama."

"Mama yuko wapi? Mimi sijamwona."

"Humwoni kwa sababu farasi ni mweusi na koti lake ni jeusi. Na mimi niko mbele yake, ndani ya koti. Kuna baridi."

Nikapata habari yote kidogo kidogo, huku anachezea kamba za viatu vyangu. Mama yake alikuwa na farasi jike mweusi. Farasi huyo sasa ni mzee, amebaki bondeni kwa mjomba. Msimu uliopita walikuwa wanampanda pamoja, mtoto amefungiwa ndani ya koti la mama, kichwa tu nje. Kila asubuhi hapa hemani alikuwa anampanda tena. Ndiyo maana alipaka mpaka karatasi ikatoboka. Alikuwa anafunga vifungo vya koti!

Nikauliza, "Na yule mweupe?"

"Mweupe hana mtu."

Nilikwenda nikainua birika. Krayoni ilikuwa imelainika kwa joto, imepinda. Nikampa. Nikamwambia, "Kunduz, mimi ndiye niliyeificha. Nilikosea. Nisamehe." Hakusema amenisamehe. Alikaa chini akaanza kupaka.

Nililia, nasema wazi. Nilimnyang'anya mtoto mama yake kisha nikampigia makofi!

Julai 10
Mweusi! Mweusi kama makaa! Sijapata kuipenda rangi hii maishani mwangu.

Julai 13
Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku ambayo Bibi Anarkan hupanda na Kunduz kilimani, kwenye mtandao, kungoja simu ya mama. Leo mawingu, simu haikushika. Waliposhuka nilikuwa nimesimama njiani kama askari. Nikachuchumaa nikamwambia Kunduz, "Kesho ukiona farasi wako hana mtu, usimfunge kimya kimya. Niletee mkononi kwanza, kabla mdomo haujafunguka. Utaweza?"

Bibi Anarkan akasema, "Hana mtu ndiyo nini?"

Kunduz akasema, "Ni mambo ya shule."

Julai 14
AMENILETEA! Alivuka hema zima, midomo imebana, ngumi zimekunjwa, karatasi nyeupe imekunjika ndani ya ngumi. "Mwalimu, leo hana mtu." Nikamshukuru kama amenipa kondoo. Nikauliza tumfunge wapi. Nilitaka aseme mwenyewe, lakini Ilyas, Ilyas huyu mwenye alama za meno mkononi, akapayuka kutoka kule nyuma: "Mfunge karibu na wangu! Wangu kijivu leo, anasinzia!"

Wakamfunga karibu na wa Ilyas. Na Kunduz akakaa karibu na Ilyas. Ilyas alisogeza mkono wake kidogo, si mjinga, lakini hakuhama.

Hakuna aliyeng'atwa.

Julai 22
Maziwa machachu ya farasi yameiva vizuri, yana na kileo kidogo. Nimekunywa mabakuli manne na nimefundisha kuhesabu kwa uchangamfu mkubwa.

Julai 28
Sasa wote wanaleta. Kabla ya kupigana mtu anakimbilia boksi! Jana wawili waligombania mpira, wakaacha mpira, wakagombania krayoni ya rangi ya kutu, wakaivunja katikati, kila mmoja akapaka na kipande chake, kisha wakasahau mpira uko wapi.

Agosti 4
Zuura kanipita pale tunapoteka maji. "Mwalimu, mwanangu ananiambia eti leo mimi ni mwekundu wa kutu. Ndiyo nini, matusi?"

"Si matusi, dada. Anakuuliza kama umekasirika."

"Nimekasirika, ndiyo! Mbuzi kala sabuni!" Akainua ndoo iliyojaa, inamwagika. "Hakuna mtu mwingine aliyeniuliza," akasema, akaenda zake.

Agosti 11
Lori linaondoka keshokutwa. Nimeliona limeegeshwa karibu na zizi. Kunduz pia ameliona. Farasi mweusi, lakini amempaka haraka haraka, mabaka meupe yamebaki.

Agosti 13
Siwezi kukaa. Nimezunguka hema mara sijui ngapi. Naandika nimesimama!

Lori lilikuwa linapakiwa sufu. Watu wazima walikuwa wamekusanyika, na kama watu wazima walivyo, walikuja kuchungulia shule. Zuura alikuwa mlangoni. Bibi Anarkan nyuma yake. Na hapo ndipo Ilyas, kwa kutaka kuwaonyesha wageni jinsi dume la baba yake linavyoruka, akaruka. Akakanyaga koti lake mwenyewe, akashika kamba asianguke, na kamba yote ikashuka naye. Farasi kumi na wawili chini! Kiatu chake kizima, kimejaa matope ya zizini, juu ya farasi mweusi wa Kunduz.

Kunduz alimdaka mkono. Mkono ule ule. Akaupeleka mdomoni. Nilikuwa upande wa pili wa jiko, sikuweza kufika. Niliyaona meno yake yamegusa koti la Ilyas. Ilyas alifumba macho, na wallahi hakuvuta mkono. Nikamsikia ananong'ona, "Karatasi, Kunduz. Karatasi."

Akauachia! Akauachia mkono, akakimbilia rundo la karatasi, akachomoa moja isiyo na rangi, akarudi akampiga nayo Ilyas kifuani, paa!, akapiga kelele ambayo nina hakika mifugo ya ng'ambo imeisikia: "NIMEKASIRIKA! HUYU HANA MTU! UMEMKANYAGA MAMA!"

Kisha akalia. Mtoto wa mchungaji alilia kwa kinywa chote, machozi na makamasi, mbele ya kambi nzima. Ilyas naye akaanza, "Nisamehe, sikumwona, alikuwa ndani ya koti," na wenzao wakafuatia, mpaka nikawa na watoto kumi na wawili wanaolia na mimi wa kumi na tatu.

Zuura alikuwa ameshaingia nusu, ndoo juu. Akaangalia mkono wa mwanawe, akapandisha mkono wa koti, akatafuta alama. Hamna. Akaushusha tena. "Basi," akasema, "basi, jamani, kwani nani kafa?" Na akapiga magoti, Zuura huyu, akaanza kuokota farasi.

Dereva akauliza kwa sauti kama kuna abiria wa Tokmok. Bibi Anarkan hakugeuka. "Hakuna abiria," akasema. "Beba sufu yako."

Agosti 14
Nimelala kama gogo. Nimeamka nacheka.

Agosti 25
Theluji ya kwanza kwenye vilele. Watoto wote wamepaka kijivu, isipokuwa Ilyas, kahawia na mkia wa kijani. Nimeuliza mkia wa kijani ni nini. "Ni mkia tu, Mwalimu."

Septemba 1
Simu imeshika, lakini habari si nzuri. Mama yake Kunduz hatarudi vuli hii. Tanuri limemwongezea mkataba mpaka majira ya joto yajayo. Kunduz aliniletea mweupe asubuhi, akanieleza mwenyewe, maneno yamenyooka. Kabla ya chai akaomba krayoni nyeusi. Imebaki kipande kidogo kama punje ya mahindi. Anaishika kwa kucha.

Septemba 5
Kesho tunashuka. Mahema mengine yameshavunjwa, ni langu tu na la Bibi Anarkan. Niliacha kamba mpaka mwisho kwa sababu sikutaka kuishusha.

Nilikuwa nafunga boksi na Kunduz ananisaidia, yaani anatoa ninachoweka. Bibi Anarkan akaingia. Hajawahi kuingia, msimu mzima husimama mlangoni. Akakaa chini kwenye zulia la watoto, magoti yakalia, mgongo wima vile vile.

"Mwalimu, zimebaki karatasi?"

Nikampa farasi. Nikamsogezea krayoni zote. Akaitazama ile karatasi muda mrefu, vidole vyake vinene havikugusa hata rangi moja. Nami sikumwambia kitu, nimeshajifunza. Kisha akanirudishia ilivyo.

"Leo ni huyu," akasema. "Nilimlea peke yangu, binti yangu, mama yake huyu. Hakuwahi kukaa mbali nami hata msimu mmoja." Na macho yake yalikuwa yamejaa.

Kunduz aliacha alichokuwa anafanya. Akaja, akamchukua farasi mweupe mkononi mwangu, akamchunguza kama mnunuzi. "Bibi," akasema kwa ukali, "leo usimng'ate mtu."

"Sitamng'ata."

"Hata Zuura."

"Hata Zuura," akasema Bibi, na akacheka huku machozi yanashuka.

Kunduz akapanda juu ya boksi, akamfunga farasi wa bibi yake kwenye kamba. Halafu akarudi kwa wake wa leo, mweusi aliyekolea mpaka ukingoni, akamfungua pale mwisho alikozoea kumweka, akamleta, akamfunga karibu.

Bibi Anarkan aliyatazama yale mafundo mawili. Akaniambia kamba isishushwe mpaka kesho asubuhi.